Kumbukumbu za Simu: Bunge la Marekani Lilivyojaribu Kuiwekea Serikali Mipaka

Kila simu inayopigwa nchini Marekani huacha kumbukumbu kwenye kampuni ya simu: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe na saa, muda wa mazungumzo, pamoja na namba za utambulisho wa laini na za kifaa chenyewe. Maneno yaliyosemwa hayamo. Kwa sababu hiyo serikali ya nchi hiyo imeshikilia kwa miongo kadhaa kwamba kuchukua kumbukumbu hizo si sawa na kusikiliza maongezi, na kwamba mwananchi hawezi kuzidai kuwa siri yake. Hoja hiyo inatokana na hukumu halali, lakini ukiirudia hukumu yenyewe utaona kwamba imetwishwa mzigo ambao haikuandikwa kuubeba.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa Baltimore aliporwa, kisha akaanza kupigiwa simu za vitisho na mtu aliyejitaja kuwa ndiye mporaji. Polisi walipopata mshukiwa, waliiomba kampuni ya simu ifunge kituoni kwake kifaa cha kunakili namba zilizokuwa zikipigwa kutoka nyumbani kwa mtu huyo, na hawakuchukua hati ya mahakama. Namba ya mwanamke yule ikanaswa. Shauri likafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1979, katika kesi ya Smith dhidi ya Maryland, iliamua kwamba anayepiga simu huwa ameikabidhi kampuni namba hiyo kwa hiari yake, na kwa hiyo hawezi kujikinga kwa Marekebisho ya Nne ya Katiba yanayokataza upekuzi usio na sababu ya msingi. Alikuwa mshukiwa mmoja, laini moja, na kosa lililokwisha kutendeka. Miongo mitatu baadaye wanasheria wa serikali waliitumia hukumu hiyohiyo kutetea ukusanyaji wa kumbukumbu za mamilioni ya watu ambao hakuna aliyewashuku kwa lolote.

Njia iliyopitiwa ni Kifungu cha 215 cha Sheria ya Patriot, iliyotiwa saini Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kifungu hicho kiliruhusu Shirika la Upelelezi la FBI kuomba amri ya mahakama maalumu ya masuala ya ujasusi, ambayo husikiliza maombi kwa faragha, ili lipewe nyaraka au vitu vyovyote vyenye uhusiano na uchunguzi unaoendelea. Kuanzia mwaka 2006 mahakama hiyo ilikubali tafsiri pana ya ajabu: kwamba kumbukumbu zote za simu zina uhusiano na uchunguzi wa ugaidi, kwa kuwa zile chache zinazotafutwa zimechanganyika humo na haziwezi kujulikana mpaka zote ziwe mkononi. Kwa mantiki hiyo hakuna kitu duniani kisichokuwa na uhusiano na uchunguzi. Tafsiri hiyo ilikuwa siri, kwa hiyo raia aliyeisoma sheria iliyochapishwa, hata kama ni mwanasheria, asingeweza kujua kwamba inatumika hivyo.

Umma ulikuja kujua tarehe 5 Juni 2013, gazeti la The Guardian lilipochapisha amri iliyovujishwa na Edward Snowden, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akifanya kazi kwa mkandarasi wa ujasusi. Amri hiyo, ya Aprili mwaka huo, iliitaka kampuni ya Verizon Business iwe inalikabidhi Shirika la Usalama wa Taifa, NSA, kumbukumbu zote za simu kila siku, zikiwemo za watu waliopigiana ndani ya mji mmoja. Miezi michache kabla, tarehe 12 Machi, mkurugenzi wa ujasusi wa taifa James Clapper alikuwa ameulizwa na seneta Ron Wyden hadharani kama NSA inakusanya data za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani, naye akajibu kwamba hapana, si kwa makusudi.

Serikali ilijitetea kwa kusema kwamba maongezi hayakuguswa. Utetezi huu unastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu ndio unaowatuliza watu wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaomba watu wa kujitolea zaidi ya 800 wawape kumbukumbu za simu zao, wakajaribu kuona ni mangapi yanaweza kujulikana kutokana na namba tupu. Mshiriki mmoja alikuwa amewasiliana na wataalamu wa moyo, duka la dawa, maabara, na namba ya huduma ya kifaa kinachotumiwa kufuatilia mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Hakuna neno hata moja lililosikilizwa, na ugonjwa wake ukajulikana. Kumbukumbu pia zina wepesi ambao maongezi hayana: mazungumzo ya saa moja yanahitaji mtu wa kuyasikiliza au angalau kuyanukuu, ilhali safu za namba hupangwa na kompyuta papo hapo, zikaonyesha nani anamjua nani.

Hatari ya pili ilikuwa katika kile wachambuzi walichokiita hatua. NSA ilianza na namba yenye shaka, ikaangalia waliowasiliana nayo, kisha waliowasiliana na hao, kisha waliowasiliana na hao wengine. Tuseme kila namba ina watu 100 tofauti. Hatua ya kwanza huleta namba 100, ya pili 10,000, ya tatu 1,000,000. Mwaka 2012 NSA ilianzia na namba zisizofika 300, na msemaji wa serikali angeweza kuitaja idadi hiyo ndogo bila kudanganya. Msomaji aichukulie kama somo la namna ya kusoma takwimu za ufuatiliaji: idadi ya waliolengwa haielezi idadi ya waliofikiwa.

Bungeni mambo hayakwenda kwa mstari wa vyama. Julai 2013 Justin Amash wa Republican na John Conyers wa Democratic, wote wawili kutoka Michigan, waliwasilisha pendekezo la kuunyima mpango huo fedha, likashindwa katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 217 dhidi ya 205. Desemba mwaka huo majaji wawili wa mahakama za chini walitofautiana ndani ya wiki mbili, mmoja akiona kwamba huenda mpango unakiuka Katiba, mwingine akiuhalalisha. Januari 2014 bodi huru ya kusimamia faragha na haki za raia ilisema, kwa wajumbe watatu dhidi ya wawili, kwamba Kifungu cha 215 hakikutoa msingi wa kutosha wa kisheria, na kwamba haikuona tukio hata moja lililohusu tishio dhidi ya Marekani ambamo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi. Jim Sensenbrenner, mbunge aliyewasilisha Sheria ya Patriot yenyewe, alikuwa amekwishaandaa muswada wa kuirekebisha, uliojulikana kama USA Freedom. Hata hivyo Novemba 2014 muswada ulikwama katika Seneti kwa kupata kura 58 badala ya 60 zinazohitajika ili mjadala ufungwe.

Kama Kifungu cha 215 kingekuwa sheria ya kudumu, habari ingeishia hapo. Bunge lilikuwa limekiwekea tarehe ya ukomo, na naamini tarehe hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko ripoti na hotuba zote. Anayetaka sheria ya kudumu ibadilishwe hulazimika kutafuta kura za kuibadilisha. Sheria yenye ukomo humlazimisha anayeitaka ibaki atafute kura za kuibakiza. Tarehe 7 Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba kifungu hicho hakikuwahi kuruhusu ukusanyaji wa jumla. Kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Mitch McConnell, alitaka kiongezewe muda bila mabadiliko, seneta Rand Paul akakataa hata nyongeza ya siku chache, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni muda ukaisha. Siku iliyofuata Seneti iliupitisha muswada wa USA Freedom kwa kura 67 dhidi ya 32, na Rais Obama akautia saini siku hiyohiyo.

Moyo wa sheria hiyo ni sharti moja: kila ombi lianze na kitambulisho mahususi, kama vile namba ya simu au jina la mtu, na si jina la kampuni nzima wala eneo zima la nchi. Kumbukumbu zilibaki kwa kampuni za simu, hatua zikapunguzwa kuwa mbili, mahakama ya siri ikatakiwa kuwa na wanasheria wa nje wa kuishauri katika masuala mapya na mazito, na serikali ikalazimika kutangaza takwimu kila mwaka. Baada ya siku 180 za mpito, ukusanyaji wa jumla ulikoma mwishoni mwa Novemba 2015.

Takwimu hizo za kila mwaka ndizo zilizoonyesha mipaka ya sheria yenyewe. Mwaka 2016 NSA ilitangaza walengwa 42 na kumbukumbu zaidi ya milioni 151. Mwaka 2017 walengwa walikuwa 40, kumbukumbu zikapanda hadi zaidi ya milioni 534. Ni kweli kwamba simu moja inaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja, lakini hata ukipunguza kwa ukarimu, hatua mbili bado zinafika mbali. Juni 2018 NSA ilisema inafuta kumbukumbu zote ilizopata chini ya sheria hiyo tangu mwaka 2015, kwa kuwa baadhi ya data ilizopokea kutoka kwa kampuni za simu hazikuruhusiwa na hazikuweza kutenganishwa na nyingine. Mpango ukasimamishwa mwaka 2019 baada ya kugharimu takriban dola milioni 100, na tathmini ya bodi ile ya faragha ilipata uchunguzi mmoja tu wenye uzito uliotokana nao. Tarehe 15 Machi 2020 muda uliisha tena, mabaraza mawili yakashindwa kuafikiana, na sheria ikarudi ilivyokuwa kabla ya 2001: FBI ina mamlaka juu ya kumbukumbu za hoteli, kampuni za usafirishaji, maghala ya kukodi na magari ya kukodi. Kumbukumbu za simu hazimo.

Zimo kwingineko. FBI bado inaweza kuidai kampuni ya simu kumbukumbu za mteja kwa barua ya usalama wa taifa, inayoidhinishwa na ofisa mwandamizi bila jaji, ingawa sheria ya 2015 ilikataza barua hizo kutumika kwa ukusanyaji wa jumla. Mahakama ya Juu nayo ilisogea kidogo Juni 2018 katika kesi ya Carpenter, polisi walipokuwa wamechukua kumbukumbu za minara ya simu zilizoonyesha mshukiwa alikuwa wapi mara 12,898 katika siku 127. Kwa kura 5 dhidi ya 4 ilitaka hati ya mahakama kwa data za namna hiyo, lakini ikaiacha hukumu ya 1979 isimame.

Kinachoumiza vichwa vya watunga sheria sasa ni ununuzi. Programu za simu hukusanya mahali mtu alipo, wafanyabiashara wa data huziuza, na idara za serikali hununua kile ambacho kama zingekidai kwa kampuni ya simu zingehitaji jaji. Ripoti ya ofisi ya ujasusi wa taifa iliyotolewa kwa umma Juni 2023 ilikiri kwamba ununuzi huo unafanyika. Tofauti na Kifungu cha 215, haukuanzishwa na sheria yenye tarehe ya ukomo, kwa hiyo hakuna saa inayowabana wanaoutetea. Muswada wa kuuzuia ulipita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 17 Aprili 2024 kwa kura 219 dhidi ya 199. Seneti haikuupigia kura mpaka Bunge hilo lilipomaliza muda wake Januari 2025, na kwa utaratibu wa huko muswada uliokufa hivyo huwasilishwa upya kuanzia mwanzo.