Usimamizi wa mipaka: neno la vibao vya miradi na maana yake Kasumbalesa

Agosti 2024 Zambia ilifunga barieri ya Kasumbalesa, kwenye mpaka wake na Kongo, na Mokambo na Sakania pia. Ugomvi ulitokana na bia na soda. Kongo ilikuwa imekataza vinywaji hivyo kuingizwa nchini, Zambia ikakasirika, na hasira ikaishia getini. Makamyo ya shaba yakasimama. Huku Lubumbashi, kilomita kama 90 kutoka hapo, watu wakaanza kuulizana bei ya unga, kwa sababu mji huu unakula bukari, yaani ugali, na unga wake mwingi hutoka ng'ambo hiyo. Siku chache baadaye wakubwa wa pande mbili wakazungumza, geti likafunguka. Hakuna askari aliyeongezwa wala waya uliovutwa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinafungua vizuri maneno haya mazito tunayoyaona kwenye vibao vya miradi na kuyasikia redioni: ushirikiano wa kimataifa katika uhamaji na usimamizi wa mipaka. Ukiyasikia haraka unadhani ni habari ya bunduki.

Kulinda mpaka ni kazi ya jeshi, na adui ndiye anayelengwa. Kusimamia mpaka ni kazi nyingine kabisa. Ni kujua nani anapita na amebeba nini, kutoza kodi iliyo halali, kuushika ugonjwa kabla haujapanda basi, kumtambua mtoto anayevushwa na mtu asiye mzazi wake, halafu kuwaacha wengine wote wapite bila kulala barabarani. Hao wengine wote ndio wengi. Mpaka unaosimamiwa vizuri unapimwa pia kwa idadi ya watu usiowasumbua, na kipimo hicho mara nyingi husahauliwa.

Neno uhamaji nalo linachanganywa na uhamiaji. Uhamiaji ni kuingia na kukaa mahali, na kwa mazoea pia ndiyo idara inayokugongea pasipoti. Uhamaji ni mpana zaidi: ni mwendo wote wa watu, anayekwenda na anayerudi, mwanafunzi, mkimbizi, shofere, na mama anayevuka asubuhi kununua mafuta ya kula na kurudi kabla ya jua kuzama. Kwa mwenye mradi aliye Ulaya, picha inayomjia ni kijana anayetaka kuvuka bahari. Kwetu sisi ni yule mama.

Nchini kwetu kazi ya mpakani iligawiwa kwa amri ya tarehe 28 Machi 2002, iliyoruhusu huduma nne tu: duane, yaani forodha, ambayo leo ni DGDA; OCC inayokagua bidhaa; DGM inayoshughulika na watu; na huduma ya usafi na afya. Nne. Yeyote aliyewahi kupita Kasumbalesa na mzigo anacheka akisikia namba hiyo. Serikali imeikumbusha amri hiyo mara nyingi, na mezani bado hujitokeza wengine, kila mmoja na daftari lake na kashe yake, yaani muhuri. Shangazi yangu alizuiwa siku moja na kijana aliyemwambia, "Mama, karatasi yako imekosa kashe moja." Akamuuliza, "Mwanangu, ni ya ofisi gani?" Kijana akaanza kufikiri. Shangazi alingoja kidogo, kisha akashika njia yake.

Wataalamu wana jina la dawa ya ugonjwa huo: usimamizi jumuishi wa mipaka. Dhana yenyewe si ngumu. Kwanza watu wa ofisi moja waelewane kutoka makao makuu mpaka getini. Pili ofisi mbalimbali za nchi moja zipeane habari, ili duane na DGM wasimuulize mtu mmoja maswali yale yale mara mbili. Tatu nchi jirani zifanye kazi pamoja. Wafadhili hupenda kuanzia hatua ya tatu, maana ndiyo yenye mikutano na picha. Mimi naona ile ya pili ndiyo inayotuua.

Hatua ya tatu ikifika mbali huzaa kituo cha pamoja: badala ya kukaguliwa upande huu na kukaguliwa tena upande ule, msafiri anasimama mara moja tu, na maafisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ilifungua kituo cha namna hiyo Desemba 2009, ikawa ya kwanza Afrika. Mashofere wetu wanaoshuka kuelekea Durban wanaijua. Kinachotakiwa hapo zaidi ya jengo ni sheria, kwa sababu afisa wa Zambia hawezi kufanya kazi yake kwenye ardhi ya Zimbabwe mpaka mabunge au serikali zimruhusu. Watu wengi hudhani fedha za ujenzi ndizo ngumu kupatikana.

Fedha hizo hutoka kwingi. Umoja wa Ulaya umegharamia mradi wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, na Kasumbalesa ilikuwamo. COMESA ina utaratibu rahisi wa biashara: bidhaa zilizo kwenye orodha waliyokubaliana nchi mbili, zikiwa za thamani ndogo, hazitozwi ushuru wa kuingiza, na karatasi yake ni fupi. Utaratibu huo haufuti ada nyingine zote, na ndiyo maana akina mama wengi huona punguzo ni dogo kuliko walivyoahidiwa.

Kisha kuna OIM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, lililoanzishwa 1951 na kuingia katika familia ya Umoja wa Mataifa 2016. Hilo huzisaidia nchi kwa mafunzo, na lina chuo Moshi, Tanzania, kinachofundisha maafisa wa uhamiaji wa Afrika. Lina pia mfumo wa kompyuta uitwao MIDAS: pasipoti inasomwa, picha inapigwa, vidole vinachukuliwa, na habari zinabaki kuwa mali ya nchi inayoutumia. Ni chombo kizuri pale ambapo daftari la mkono ndilo lilikuwa kumbukumbu pekee. Lakini kompyuta inataka umeme, na mtu anayejua kwa nini anaandika anachoandika.

Sasa swali ambalo vibao havisemi: mpaka unasimamiwa kwa faida ya nani? Tazama Niger. Mwaka 2015 ilitunga sheria dhidi ya kusafirisha wahamiaji, na Umoja wa Ulaya, uliotaka watu wasifike Libya na baharini, ukaiunga mkono kwa fedha nyingi. Madereva wa mji wa Agadez walifungwa, magari yao yakakamatwa, na kazi iliyolisha mji ikageuka kosa la jinai. Novemba 2023 watawala wa kijeshi waliifuta sheria hiyo. Huo nao uliitwa ushirikiano katika usimamizi wa mipaka, maneno yale yale yanayotumiwa kwa mradi wa wafanyabiashara wadogo wa Kasumbalesa. Tofauti ni kwamba kule Niger, Ulaya ilikuwa inausogeza mpaka wake mpaka katikati ya jangwa la mtu mwingine.

Wala si lazima mfadhili awe wa mbali. Ukitazama ramani, kusini mashariki mwa Lubumbashi kuna kipande cha Kongo kinachochoma ndani ya Zambia kama kidole. Wakoloni walikichora hivyo, na kwa kidole hicho Mzambia wa mkoa wa Copperbelt anayetaka kwenda mkoa wa Luapula kwa njia fupi analazimika kukatiza nchi yetu, kutoka Mokambo mpaka Chembe, kama kilomita 70. Anatoka kwao, anaingia kwetu, anatoka kwetu, anarudi kwao, yote kabla ya chakula cha mchana. Zambia ilijenga daraja la Chembe, lililofunguliwa 2008, na ikatia fedha zake katika barabara iliyo ndani ya Kongo. Hakuna aliyeiita barabara hiyo mradi wa kudhibiti uhamaji. Walamba, kabila lililogawanywa na mpaka huo, huitumia kutoka pande zote mbili kwenda kwenye matanga ya ndugu zao.