Mshale wa nne katika saa ya msafiri

Anayepanda ndege Lubumbashi kwenda Kinshasa havuki mpaka wa nchi yoyote, lakini akishuka huko hukuta saa ya mkononi mwake imetangulia kwa saa nzima, kwa sababu sisi wa mashariki tuko saa mbili mbele ya Greenwich ya Uingereza, ambako saa za dunia huanza kuhesabiwa, na Kinshasa iko saa moja tu. Akigeukia upande mwingine na kufuata malori ya shaba hadi bandari ya Dar es Salaam, atakuta wenyeji wa huko wametutangulia kwa saa moja. Mfanyabiashara wa mji wetu anaweza kuishi katika kanda tatu za saa ndani ya wiki moja, na wapo wanaokuja kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kampemba, mjini Lubumbashi, wakiwa na saa iliyobuniwa kwa maisha ya namna hiyo hasa, yaani Rolex GMT-Master, ambayo herufi zake GMT ni kifupi cha Kiingereza cha saa ya Greenwich. Watu wengi huisifu kwa rangi za pete inayozunguka kioo chake. Mimi ninayeifungua naamini kwamba ubora wake uko katika gurudumu dogo ambalo mwenye saa hataliona kamwe.

Haja ya saa hiyo ilianza pale dunia ilipokubali kupimwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, nchini Marekani, wakaichagua Greenwich kuwa mstari wa kuanzia kuhesabu longitudo. Mwaka 1931 fundi Louis Cottier wa Geneva alibuni mashine ya kuonyesha saa za miji mingi kwa pamoja, kwa pete yenye majina ya miji na pete nyingine ya saa 24, na kampuni ya saa ya Patek Philippe ikaitumia katika saa zake. Ni kazi ya kupendeza sana, ila majina ni mengi na herufi ni ndogo, na katika saa nyingi za aina hiyo ukanda wetu huwakilishwa na Cairo. Rubani aliyechoka, akiwa ndani ya chumba chenye giza, hahitaji kusoma miji 24. Anahitaji miwili.

Marubani ndio waliosababisha hatua iliyofuata. Shirika la ndege la Pan American lilitaka saa ambayo wangeweza kusoma humo saa ya mahali walipo na saa ya Greenwich kwa mtazamo mmoja, na mwaka 1955 Rolex ikatoa GMT-Master. Juu ya mishale mitatu ya kawaida uliongezwa wa nne, wenye ncha ya pembetatu, ambao huzunguka uso wa saa mara moja kwa saa 24, yaani kwa nusu ya kasi ya mshale wa kawaida wa saa. Pete ya nje iliandikwa namba hadi 24, nusu nyekundu kwa mchana na nusu ya buluu kwa usiku. Katika toleo hilo mishale miwili ya saa ilikuwa imefungamana, ikienda pamoja daima, na kazi yote ya kutofautisha kanda iliachiwa pete. Mtu wa Lubumbashi mwenye saa hiyo huigeuza pete kwa hatua mbili kufuata mwendo wa mishale, na ncha ya pembetatu inayosimama mahali pa saa 10 katika mzunguko wa saa 24 itaelekea kwenye namba 8, ambayo ndiyo saa ya Greenwich.

Pete ya kwanza ilikuwa ya bakelaiti, plastiki ngumu, na chini ya namba zake ilipakwa rangi yenye radiamu, metali inayotoa mnururisho wa hatari, ili zing'ae gizani. Bakelaiti ilipasuka kwa urahisi, na mwaka uliofuata nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na aluminiamu. Hapa sisi wa Katanga, eneo la Lubumbashi, tuna la kukumbuka. Katika miaka ya 1920 madini ya mgodi wetu wa Shinkolobwe, yaliyochimbwa na kampuni ya Union Minière na kusafishwa Olen nchini Ubelgiji, ndiyo yaliyoifanya Ubelgiji itawale soko la radiamu duniani, na radiamu ndiyo iliyowawezesha watu kusoma saa usiku. Ninapoletewa saa ya zamani yenye rangi hiyo, siikwangui wala siipulizi vumbi lake. Mwanga wake umekufa kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua kwa nusu katika miaka ipatayo 1,600, na mafundi vijana wanaodhani kwamba rangi isiyong'aa haina tena hatari wanajidhuru wenyewe.

Mageuzi ninayoyathamini kuliko yote yalikuja mwaka 1982, katika GMT-Master II. Kabla yake, mtu aliyetaka mshale wa kawaida wa saa umwonyeshe saa ya mahali alipofika alilazimika kuvuta ufunguo wa pembeni na kuzungusha mishale yote, na dakika zikaondoka mahali pake. Katika toleo jipya mshale wa saa ulipewa gurudumu lake lenye umbo la nyota ya ncha 12, linaloshikwa na springi. Kwa kawaida springi hulishika kwa nguvu ya kutosha kulifanya litembee pamoja na mashine nzima. Ukivuta ufunguo hatua ya kwanza na kuuzungusha, nyota huruka ncha moja, na mshale wa saa huruka saa moja mbele au nyuma, huku sekunde zikiendelea kukimbia, dakika zikibaki sahihi na mshale wa nne ukilinda saa ya nyumbani bila kuguswa. Ukirudi nyuma na kuvuka usiku wa manane, hata tarehe hurudi. Pete nayo ikawa huru kuonyesha ukanda wa tatu. Naona huu ndio ubunifu halisi wa saa ya msafiri, kwa sababu unampa mtu mahali papya bila kumvurugia muda aliokuja nao.

Gharama ya uhuru huo hulipwa katika tarehe. Saa hii haina njia ya mkato ya kuibadili, hivyo ikilala sandukuni siku kumi, mwenyewe atauzungusha mshale wa saa mizunguko 20. Baadhi ya wateja hudhani kwamba imeharibika. Haijaharibika.

Yaliyofuata yalihusu zaidi vitu vilivyotumika kuitengenezea. Aluminiamu hupauka juani, nyekundu ikawa kama waridi, na kuanzia mwaka 2005 pete ya kauri ambayo haipauki ilianza kutumika. Kutia rangi mbili katika kipande kimoja cha kauri kulichukua muda: buluu na nyeusi ilitoka mwaka 2013, kwa kuinywesha nusu ya pete chumvi za metali kabla ya kuichoma tanuruni, na nyekundu na buluu ya mwanzo ikarudi mwaka 2014 kwa saa za dhahabu nyeupe, kisha 2018 kwa za chuma. Mashine ya mwaka huo wa 2018 hutembea kwa muda wa saa zipatazo 70 bila kuvaliwa, kwa hiyo ukiivua Ijumaa jioni utaikuta Jumatatu asubuhi ingali hai.

Wiki iliyopita mteja mmoja alikuja na saa yake kabla ya safari ya Kinshasa. "Fundi, niirudishe nyuma yote?" aliniuliza. "Hapana, papa," nikamwambia, "legeza ufunguo, uvute hatua moja tu, kisha uurudishe mshale huu mfupi ruko moja. Huo mwingine uache hapa nyumbani." Akauliza pia juu ya mshirika wake aliyeko Mumbai, kwani India iko mbele ya Greenwich kwa saa tano na nusu. Pete ya kauri hutulia kwenye saa kamili pekee, na mshale wa nne unaonyesha saa ya hapa, ambayo India imeitangulia kwa saa tatu na nusu, kwa hiyo nilimwekea pete saa tatu mbele, nikamweleza kwamba zile dakika 30 ataziongeza mwenyewe kila anapotaka kupiga simu.