Kwa Nini Mtutu wa Bunduki Hautengenezwi kwa Chuma Kigumu Kuliko Vyote

Askari mmoja wa wanyamapori, anayefanya doria upande wa Ruaha, aliwahi kunionyesha bunduki yake ya kazi baada ya kuikwaruza kidogo kwa tupa karibu na mdomo wa mtutu. Alishangaa kuona alama imeingia kwa urahisi, akaniuliza: "Mwalimu, inawezekanaje chuma kinachobeba mlipuko kikwaruzwe na tupa?" Nimefanya kazi ya kupima na kupika vyuma hapa Mbeya kwa miaka mingi, na naona swali hilo linagusa kiini cha elimu ya aloi za mitutu, yaani vyuma vilivyochanganywa na metali nyingine.

Katika ufundi wetu, ugumu na ukakamavu ni mambo mawili tofauti: ugumu ni kutokwaruzika kwa urahisi, na ukakamavu ni kustahimili pigo bila kupasuka. Tupa ni ngumu sana, lakini ukiiangusha juu ya sakafu ya zege huweza kukatika vipande. Mtutu hupewa ugumu wa wastani tu, takriban 28 hadi 32 kwa kipimo cha Rockwell C, wakati tupa nzuri hupita 60. Ugumu ulioachwa hapo umebadilishwa kwa ukakamavu, kwa sababu mtutu ukizidiwa ni heri utanuke kuliko kupasuka na kurusha vipande usoni mwa mpigaji.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika kanieneo, yaani nguvu ambayo gesi husukuma nayo kila sehemu ya ukuta. Risasi ya 7.62 kwa 51, ambayo askari wengi wanaifahamu, inaruhusiwa kufikia takriban megapaskali 415 ndani ya chemba, sehemu ya mtutu inapokaa risasi, yaani zaidi ya mara 4,000 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Chuma laini cha kawaida, kile cha mabomba na mageti, huanza kutanuka bila kurudi kwenye umbo lake kwenye msongo, yaani nguvu inayokivuta chuma chenyewe, wa megapaskali 250 hivi. Watu wengi hudhani kwamba upungufu huo unaweza kufidiwa kwa kuongeza unene, lakini hesabu inakataa: katika bomba lolote lenye kanieneo ndani yake, msongo unaolizunguka tundu kwenye uso wa ndani hauwezi kushuka chini ya kanieneo yenyewe, hata ukuta ukiwa mnene kama gogo. Unene wa nje husaidia, kisha hufika mahali usisaidie tena. Ndiyo sababu naumia kila ninaposikia kwamba mtu amepoteza vidole au jicho kwa gobore lililoundwa kwa bomba la maji. Bomba lile halikuwa na uwezo wa kuistahimili kazi hiyo tangu mwanzo.

Zamani mahitaji yalikuwa madogo zaidi. Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani huku walikuwa nayo bado mwaka 1914, ilitumia baruti nyeusi yenye moshi na kanieneo ya chini, hivyo chuma cha kaboni cha kawaida kiliitosha. Mambo yalibadilika baada ya Mfaransa Paul Vieille kuvumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, ambayo kanieneo yake ni kubwa zaidi. Kufikia 1895 kampuni ya Winchester ya Marekani ilikuwa ikiuza bunduki zenye mitutu ya chuma cha nikeli, na baadaye aloi za kromiamu na molibdenamu zikashika nafasi hiyo.

Aloi inayotumika sana leo huitwa 4140. Ina kaboni ya takriban asilimia 0.4, kromiamu karibu asilimia 1, na molibdenamu karibu asilimia 0.2. Vichanganyo hivyo ni vidogo, lakini kazi yake ni kubwa: kromiamu huwezesha chuma kinene kuwa kigumu hadi katikati kinapochovywa mafutani kikiwa cha moto, nayo molibdenamu hukizuia kulainika haraka kikipata joto na kukiepusha na udhaifu unaoweza kujitokeza kinapopashwa moto tena. Chuma cha jamii hiyo hiyo hutumika kwenye shafti za malori, zile zinazosokotwa kwa mzigo kila lori linapopanda Kitonga. Mwenzake, 4150, una kaboni ya asilimia 0.5 hivi, na baadhi ya mitutu ya kijeshi huongezewa vanadiamu ya asilimia 0.2 hadi 0.3, ambayo huzifanya chembe za chuma zibaki ndogo na zilizoshikamana. Kwetu sisi wa nyanda za juu kusini, madini hayo si ya mbali, kwani mwamba wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa, una vanadiamu pamoja na titani.

Mitutu ya chuma kisichoshika kutu, aina ya 416, ina kromiamu ya asilimia 12 hadi 14 na huongezewa salfa ili ichongeke vizuri. Wapigaji wa shabaha huipenda kwa usahihi wake. Mimi kwa bunduki ya doria ningechagua 4140, kwa sababu salfa huacha nyuzi ndefu ndani ya chuma, na nyuzi hizo hupunguza ukakamavu.

Hata aloi bora huchakaa, na adui wake mkubwa ni joto. Gesi za baruti hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali chuma huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,450. Kinachookoa mtutu ni kwamba gesi hizo hupita kwa muda mfupi mno. Mitutu mingi ya kijeshi hupakwa kromiamu ndani, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 1,900. Bunduki ya yule askari haikuwa nayo. Tulipoangaza taa ndani yake, mbele kidogo ya chemba, tuliona nyufa ndogo zilizosambaa kama tope la majaruba ya Usangu wakati wa kiangazi, na mwanzo wa mifereji ya mtutu ulikuwa umelika. Mkwaruzo wa tupa alioutilia shaka haukuwa na madhara yoyote. Nilimwandikia mkuu wake kwamba mtutu ubadilishwe kwa sababu ya nyufa zile.