Saitoplazimu si maji ya kujazia seli

Wengi wetu tulitoka sekondari na mchoro wa seli unaofanana na yai la kukaanga: kiini katikati, utando pembeni, na kati yao nafasi nyeupe iliyoandikwa "saitoplazimu". Nafasi hiyo nyeupe imetupotosha sana.

Dhana: Ni maji tu ya kushikilia kiini.

Maji yamo, tena ndiyo mengi. Lakini ndani yake molekuli zimebanana kama abiria wa daladala jioni. Chukua seli nyekundu za damu: kila mililita 100 za seli hizo zina takriban gramu 33 za himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Ukishaujua msongamano huo, ugonjwa wa selimundu unaeleweka. Kilichobadilika ni asidi amino (kijenzi cha protini) moja, ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini: palipokuwa na asidi glutamiki pamekaa valini. Himoglobini hiyo ikiachia oksijeni hunasana na wenzake, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo ndizo zinazoipinda seli ikawa mundu. Molekuli za himoglobini zingekuwa zimeachana kidogo tu, zisingenasana upesi hivyo. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hakurogwa, wala hana "damu chafu". Anaumizwa na nyuzi hizo.

Dhana: Chanjo za mRNA huingia kwenye DNA na kuibadilisha.

DNA imo ndani ya kiini. mRNA, yaani nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini, ya chanjo hufikia saitoplazimu na kazi yake huishia humo humo: ribosomu, viwanda vidogo vya protini, huisoma na kutengeneza protini, kisha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) huikatakata mRNA hiyo. Hata mRNA ya seli yenyewe husafiri kutoka kiinini kwenda nje.

Dhana: Nishati yote ya seli hutengenezwa na mitokondria.

Glukosi huanza kuvunjwa kwenye saitoplazimu, nje ya mitokondria, kwa hatua 10 zisizohitaji oksijeni, na seli hubaki na faida ya molekuli 2 za ATP, zinazobeba nishati ya seli. Ni kidogo, ndiyo. Lakini seli nyekundu ikikomaa haina mitokondria hata moja, na kwa nishati hiyo huishi takriban siku 120.

Zamani iliaminika kwamba sukari haiwezi kuchachuka bila hamira iliyo hai. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka seli zikapasuka, akaikamua, akautia ule utomvu sukari. Haukuwa na seli hai, lakini ulitoa povu la gesi! Vimeng'enya vya saitoplazimu vilikuwa vinaendelea na kazi. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa hiyo ukichana donge la unga wa maandazi lililoumuka, ukaona vile vitundu vilivyojaa ndani, hiyo ni gesi iliyotengenezwa kwenye saitoplazimu ya hamira.