Kwa nini watengenezaji wa sodo na nepi hupelekana kortini?

Pasua sodo yoyote inayouzwa dukani hapa Nairobi uikague tabaka kwa tabaka. Kwa kawaida juu kuna kitambaa chepesi cha plastiki kisichofumwa. Kinafuatwa na nyuzi zilizoachana, kisha rojo la mbao lililokaushwa na kushindiliwa pamoja na chembe nyeupe zinazovimba zikilowa, na mwisho plastiki ya kuzuia kuvuja.

Mpangilio huo una sababu. Majimaji husafiri kati ya nyuzi kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta kwenye utambi wa koroboi, na kadiri nafasi zinavyokuwa finyu ndivyo mvuto unavyozidi. Kwa hiyo nafasi pana hukaa juu na finyu chini, majimaji yavutwe mbali na ngozi yasirudi. Lakini zikibana kupita kiasi, mwendo hupungua na sodo huvuja pembeni ilhali kiini hakijajaa. Kupata kipimo sawa ni kazi ngumu na ya gharama, ndiyo maana wenye nacho hukilinda vikali.

Nguvu yenyewe ni ya maumbile, haimilikiwi na mtu. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu kuwazuia wengine kutumia ubunifu wake, hulinda namna ya kuitumia: umbo la uzi, unene wake, mpangilio wa tabaka. Kesi ikifika kortini, bidhaa hulinganishwa na madai yaliyoandikwa kwenye hataza, kipengele kwa kipengele. Mshtakiwa naye huweza kujitetea kwamba ubunifu huo ulishachapishwa kabla ya ombi, hivyo haukuwa mpya.

Hasara yaweza kuangusha kampuni. Mwishoni mwa 1997 huko Marekani, Paragon Trade Brands iliamriwa kuilipa Procter & Gamble takriban dola milioni 178 kwa kukiuka hataza zake za vizuizi vya mapajani kwenye nepi. Januari 1998 ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Je, fundi wa Kariobangi hapa Nairobi anayetaka kutengeneza sodo aogope? Hataza iliyosajiliwa Marekani pekee haimzuii kutengeneza na kuuza Kenya. Inayomhusu ni ile iliyotolewa na KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza, au na ARIPO ya Harare, shirika la kikanda la Afrika la hakimiliki za ubunifu, ikiwa Kenya imetajwa, na hudumu miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Hati hizo husomwa na yeyote, nami naona ni shule kubwa tunayoipuuza. Akitaka kuuza nje, hana budi kukagua pia hataza za nchi anakopeleka mzigo.