Kelvini si nguvu ya balbu

Juzi nimeitwa kubadilisha balbu nilizofunga mwenyewe, hata wiki hazijamaliza. "Fundi, umeniwekea dhaifu. Hizi ni 2700, jirani ana za 6500." Nikashika ngazi nikahesabu mpaka kumi.

Maboksi yote mawili yalikuwa mkobani. Wati 9, hili na lile. Lumeni 806, hili na lile. Mama, soma hapa: wingi wa mwanga uko kwenye lumeni, umeme unaoliwa uko kwenye wati. Ile 2700 au 6500 ni K, yaani kelvini, nayo ni rangi ya mwanga tu.

Wapo na wengine wanaosikia "joto la rangi" wakaogopa kwamba 6500 itaunguza dari. Hapo siwalaumu sana, jina lenyewe ni mtego. Pasha chuma moto: kinaanza chekundu, kinakuja rangi ya chungwa, kisha njano, kikizidi kinaelekea weupe. Kelvini inataja joto ambalo kitu cha namna hiyo kingehitaji ili kiwake rangi ile. Waya wa balbu za zamani kweli ulikaribia 2700. Chipu ya LED ikifika huko imekwisha. Yenyewe hutoa bluu, na fosfori iliyopakwa juu yake hugeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Halafu namba ikipanda, mwanga tunauita wa baridi. Sikubuni mimi.

Sasa niungame. Yule mama hakukosea kabisa. Kuleta unjano kunapoteza mwanga kidogo, kwa hiyo kwenye balbu za aina moja, wati zile zile, ya 6500 mara nyingi hutoa lumeni kadhaa zaidi. Na hata zikilingana, macho mengi huona ule weupe wenye bluu kuwa mkali zaidi. Yangu pia. Nabishana huku macho yangu yako upande wa mteja.

Kinachonikera ni kwamba tunagombania K na hakuna anayeuliza Ra, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu. Tafuta namba kama 827 au 865 kwenye boksi. Ile 8 ya mwanzo ni Ra ya 80 na kuendelea. 27 ni 2700, 65 ni 6500. Ra ikiwa chini, kitambaa chekundu kinageuka rangi ya kutu mbele ya macho yako. Na hata 80 isikuleweshe: ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo ina kipimo chake, R9, na maboksi mengi hayaitaji. Penye kioo cha kuvalia mimi nafunga Ra 90, sijali K.

Mengine ni mepesi. Chumba cha kulala 2700, mezani pa kazi 4000. Swichi ya kupunguza mwanga inataka balbu inayoikubali, la sivyo itapepesa.

Yule mama nilimfungia 6500 zake. Zile za 2700 ziko kwangu, zinawaka.