Dhana potofu kuhusu sisi mawakili wa ardhi na biashara, na ukweli wenyewe

Mwaka juzi alikuja ofisini mama mmoja mtu mzima, kashika bahasha ya kaki imechakaa pembeni, akakaa akaanza kutandaza karatasi mezani moja moja taratibu. Mkataba wa mauziano kurasa mbili, muhuri wa serikali ya mtaa, sahihi za mashahidi wanne, risiti ya ile asilimia 10 inayodaiwa na ofisi ya mtaa, na picha tatu za msingi aliokuwa ameshamwaga jamvi. Akaniuliza, "Wakili, karatasi si zote ninazo?" Nikamwambia mama ngoja kwanza nisome. Nikasoma mara mbili. Muuzaji alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu mwenye kiwanja, na hakuna mahali popote kwenye zile karatasi panapoonyesha kwamba huyo mtoto aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi.

Nipo kwenye kazi hii ya ardhi na biashara hapa Dar mwaka wa 11 sasa na bahasha kama ile nimeziona nyingi mno. Kinachoniuma ni kwamba watu wanaijua kazi yetu kwa upande mmoja tu, wa kesi, wakati sehemu kubwa ya kazi inatakiwa ifanyike hela ikiwa bado iko mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo naandika zile dhana ninazokutana nazo kila wiki, na ukweli wake.

"Ukimaliza digrii ya sheria wewe ni wakili"

Hapana. Ukimaliza digrii wewe ni mwanasheria, umesoma sheria, hilo hakuna anayekunyang'anya. Kuwa wakili ni safari nyingine. Kwa Tanzania Bara unaenda Law School, ile taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, unasoma kwa vitendo, unafanya mitihani, na mitihani yenyewe si ya mchezo. Wengi wanakumbuka matokeo ya 2022, wanafunzi 633 wakafaulu moja kwa moja 26 tu, wengine sapu, yaani kurudia mitihani, wengine disko, yaani kuondolewa chuoni, nchi nzima ikashtuka mpaka waziri akaunda kamati. Ukifaulu unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, jina lako linaingia kwenye orodha ya mawakili, halafu kila mwaka unahuisha leseni. Usipohuisha huruhusiwi kufanya kazi hata kama una miaka 30 kwenye fani.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu ya vishoka. Mtu ana suti, ana muhuri, ana ofisi ya chumba kimoja karibu na mahakama na anakuandikia mkataba kwa elfu hamsini, kumbe si wakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, unaandika jina unaona kama mtu yupo na leseni yake iko hai, haichukui dakika tano. Mwambie tu wakili wako kwamba unataka kumhakiki, akikasirika ondoka.

"Wakili ni yule anayevaa wigi na kupiga kelele mbele ya jaji"

Hii imetoka kwenye filamu. Uingereza kweli kazi imegawanyika, kuna barista ambaye kazi yake kubwa ni kusimama mahakamani na kutoa maoni ya kitaalamu, na kuna solisita anayeshughulika na mteja na makaratasi yake. Huyo barista lazima awe mwanachama wa mojawapo ya zile nyumba nne za London, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, na wapo wazee wetu wa Afrika Mashariki waliopita huko, Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru alitokea Gray's Inn. Kwetu Tanzania na hata Kenya mtu mmoja anafanya yote mawili. Asubuhi uko mahakamani na koti jeusi, mchana unasoma mkataba wa pango la ghala kurasa 40, jioni unamuandikia mteja barua ya madai.

Na kelele hakuna, nakuhakikishia. Kwenye Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, iliyoanza 1999, shahidi wako ushahidi wake mkuu unaletwa kwa maandishi kabla, siku ya kusikilizwa anakuja kuhojiwa na upande wa pili. Kwa hiyo kesi ya biashara unaishinda au unaipoteza mezani kwako, usiku, ukiwa na ankara, meseji za WhatsApp, hati za kupokelea mzigo na kalamu. Wanafunzi wanaokuja kwetu mafunzoni wakitegemea kuongea sana wanashangaa, mwezi wa kwanza mzima wanapanga tarehe za nyaraka tu.

"Nimeandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa, nina muhuri, nimemaliza"

Hapa ndipo watu wanapoumia na nitakaa hapa kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa anawajua watu wake na ni shahidi mzuri tu, anaweza kukwambia huyu kweli anaishi hapa, mpaka unaishia kwenye ule mwembe. Lakini muhuri wake haumfanyi asiye na haki ya kuuza awe na haki ya kuuza. Na ile asilimia 10 wanayodai ni mazoea tu, haina msingi kwenye sheria, haikuongezei ulinzi wowote.

Maswali ya kweli ni mengine. Anayeuza ni nani kwenye kile kiwanja? Kama kimepimwa na kina hati, unaenda ofisi ya msajili wa hati unaomba upekuzi, unaletewa majibu nani mmiliki aliyesajiliwa, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna mtu ameweka zuio au hakuna. Kama hakijapimwa, unaenda mwenyewe, unaongea na majirani wa pande zote nne, siyo wale wawili tu aliokuletea muuzaji, unauliza historia ya pale kabla yake. Kama ni ardhi ya kijiji hiyo ni sheria yake nyingine kabisa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na halmashauri ya kijiji ina nafasi yake ambayo huwezi kuiruka.

Halafu mirathi. Mwenye mali akifa, mali haimwangukii mtoto mkubwa, wala mjane peke yake, wala baba mdogo aliyeongoza kikao. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, mahakama ndiyo inateua msimamizi, na kwa mahakama ya mwanzo ushahidi wake ni Fomu Namba 4. Kama muuzaji hana hiyo karatasi, hata ndugu wote saba wawe wamesaini na wamepiga picha ya pamoja, usitoe hela. Wape nauli waende mahakamani ukipenda, lakini hela ya kiwanja usitoe. Yule mama wa bahasha ya kaki alitoa milioni 18, akamwaga jamvi, ndipo mdogo wa yule muuzaji akateuliwa kuwa msimamizi na akaja na barua ya kumtaka aondoke.

"Hati ina jina langu, ni mali yangu milele na nauza ninavyotaka"

Mambo mawili yamechanganywa hapo. La kwanza, Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na hati inakupa haki ya kuimiliki kwa muda, kikomo chake miaka 99. Ina masharti, kodi ya ardhi kila mwaka, kuendeleza, matumizi yaliyoandikwa, na ukiyapuuza milki inaweza kufutwa. La pili ni mwenza wako. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume, hata kama jina ni la mmoja tu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema na Sheria ya Ardhi inasema. Nimeona mabenki yakihangaika miaka kwa sababu ya fomu moja ya ridhaa iliyosainiwa na mwanamke ambaye siye mke. Ukinunua nyumba kwa mwanaume mtu mzima anayekwambia hana mke, omba kiapo, na ukaulize majirani hata kama unaona aibu.

Na wapo wa upande wa pili, wanaosema nimekaa hapa miaka 12 basi pashakuwa pangu. Ile miaka 12 ni ukomo wa muda wa kudai ardhi mahakamani. Kama ulikaribishwa, uliwekwa kama mlinzi, au ulipewa chumba na shangazi ukajenga banda, wewe ni mwalikwa, na mwalikwa hageuki mmiliki kwa kukaa muda mrefu.

"Ukifungua kesi benki haiwezi kupiga mnada"

Naipata hii siku ya Ijumaa jioni, mnada ni Jumamosi. Mteja anaingia anahema, "Wakili, fungua kesi sasa hivi wasiuze." Kufungua kesi peke yake hakuzuii kitu. Unahitaji amri ya zuio, na kila wakili wa nchi hii anaijua kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, ndiyo yenye vigezo: kuna hoja nzito ya kubishaniwa, utapata hasara isiyofidika kwa hela, na kati yenu wawili wewe ndiye utakayeumia zaidi zuio lisipotolewa. Mtu aliyekopa, hajarudisha na hana anachopinga zaidi ya kwamba ana watoto, roho inaniuma kweli lakini nitamwambia ukweli kwamba hapo ni pagumu.

Lakini benki nayo haijipigii tu mnada. Kuna notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, na kuna tangazo la mnada lisilopungua siku 14. Barua ya kwanza ikifika mlangoni ndiyo siku ya kuja kwa wakili, kwa sababu siku 60 ni nyingi sana, unaweza kukaa na benki mkapanga upya marejesho, unaweza kutafuta mnunuzi wako mwenyewe wa bei ya haki. Watu wanaiweka barua chini ya godoro.

"Mikataba ya biashara bila maandishi haina nguvu"

Si kweli kwa biashara nyingi. Mkataba wa mdomo ni mkataba, tatizo ni kuuthibitisha, na siku hizi meseji na miamala ya simu inasaidia sana. Ila kwa ardhi lazima maandishi, na mkataba wako uulipie ushuru wa stempu, maana usiolipiwa unakataliwa kupokelewa kama ushahidi, unabaki umeushika mkononi.

Na kampuni ni mtu mwingine kabisa, siyo wewe. Ukishasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, akaunti ya kampuni siyo pochi yako, na ukisaini kama mdhamini wa mkopo wa kampuni umejifunga wewe binafsi na nyumba yako. Someni neno mdhamini kwenye ile karatasi jamani.

"Wakili ni gharama, bora niende mwenyewe, nikishindwa nitamtafuta"

Ada zetu zina amri yake ya 2015 inayoziongoza, na kusoma mkataba pamoja na kufanya upekuzi ni sehemu ndogo sana ya unacholipa ukija na kesi. Kesi ya ardhi sasa inaanzia kwenye usuluhishi baraza la kata, ambalo tangu 2021 halitoi hukumu tena, wakishindwa kuwapatanisha ndipo mnaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya kama thamani haizidi milioni 300, halafu rufaa Mahakama Kuu, halafu Mahakama ya Rufani. Hesabu nauli tu.

Mwezi uliopita kaja kijana mwalimu, kanisalimia shikamoo, kaweka mezani kopi ya hati ya kiwanja anachotaka kununua, hajatoa hata mia. Tukaomba upekuzi, majibu yakaja ukurasa mmoja, kiwanja kiko rehani benki tangu miaka minne nyuma. Alikisoma kile kikaratasi kimya, akakikunja akakiweka mfuko wa shati, akanishika mkono akaondoka. Yule mama yeye bado tuko naye barazani, tunamdai muuzaji hela yake, na kila tukiitwa anakuja na ile bahasha, ameibandika selotepu pembeni.